Kaprisi Iliyopakwa Ubavu Mmoja

"Sitaki mengi, mwanangu," Bi Sayyida alisema. Aliinua kawa, akaitazama sahani iliyokuwa chini yake, kisha akaifunika tena. "Nnataka kujua nimuombee vipi. Kama yu safarini, nimuombee dua ya msafiri. Kama hayupo tena, nimsomee hitima yake. Hivi nilivyo, kila nikiinua mikono nababaika."

Nawar binti Hamdan alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya wakili Muatasim. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatafuta mashahidi waliohama na warithi waliopotezana, na aliifanya kimyakimya, maana ulimi wake ulikuwa mzito mbele ya watu. Wakili Muatasim alikuwa akisema kwamba kimya cha Nawar kinafungua watu kuliko maswali ya mawakili wote wa Maskati.

Sahani ile ilikuwa ya Sleyum, mtoto wa pekee wa Bi Sayyida. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akija hapa Mawaleh kula wali wa nazi na mama yake. Tangu mwezi wa Rajabu hakuonekana, na mama yake hakuacha kumpakulia.

"Nani aliyekwambia kwamba kaenda Bujumbura?" Nawar aliuliza.

"Fahd, ndugu yake Bakhita, mke wa Sleyum. Kaja hapo mlangoni, hata kuketi hakuketi. Kanambia, 'Mama, shemeji kapata kazi Bujumbura, kaondoka ghafla, anakusalimu.' Wao kina Bakhita wazee wao wametokea huko Burundi, basi maneno nikayaona yana kichwa na miguu. Lakini mwanangu mimi, aende Bujumbura asije kuniaga?"

"Simu yake?"

"Haipatikani. Salamu zote zinapita kwa Bakhita."

"Na huyo Bakhita mnaelewana?"

Bi Sayyida alifikicha kiganja chake kwa kidole gumba kabla ya kujibu. "Nikimsema vibaya Mungu ataniuliza. Nilipofiwa na Nasr, mume wangu, Bakhita ndiye aliyenikalisha eda. Kwao hawana mila ya kufunika vioo, lakini aliniuliza sisi watu wa Unguja tunafanyaje, nikamfundisha, akashika. Kavifunika vioo vya nyumba nzima kwa mikono yake. Nilipotoka eda, nguo zangu akazifua, akazipiga pasi, akazipeleka sadaka. Mtoto wa kumzaa asingefanya zaidi."

"Kisha?"

"Kisha alipoondoka Sleyum, naye akapotea. Idi ndogo hakuja, kasema mgongo. Harusi ya Fahd ilikuwa Shaaban, ndugu yake wa tumbo moja, hakwenda! Watu wakasema mpaka wakachoka. Nikaja kumuona Idi kubwa. Kaingia, kapaka hina, kanibusu mkono, kalia. Nikamwambia, 'Ukizungumza naye mwambie mama anampenda.' Kanambia, 'Nitamwambia, mama.'"

Simu ya Nawar ilitikisika ndani ya mkoba. Alitaka kuizima, lakini aliona jina la kaka yake, Aws, na chini yake picha ya gari. *Nimempata mke wa pili,* Aws aliandika. *Yuko Al Amerat. Twende leo kabla hajaposwa na mwingine.*

Lilikuwa Shevrole Kaprisi la zamani, refu kama baraza, aina ile waliyokuwa wakitembelea wakubwa wa miaka ya sabini. Ubavu wa kulia ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani iliyokolea. Ubavu wa kushoto ulikuwa bado na rangi ya msingi, kijivu cha majivu. Tangazo lilisema: *Linahitaji kumaliziwa tu. Piga kwa Fahd.*

Nawar aliigeuza simu polepole. "Mama, gari hii unaijua?"

Bi Sayyida aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Hii ya Nasr," alisema. "Sleyum alikuwa akiitengeneza kidogo kidogo. Aliniahidi ikimalizika atanipeleka nayo Nizwa, nikae mbele kama enzi ya baba yake." Aliirudisha simu kwa Nawar. "Nani anaiuza? Sleyum asingeiuza hata angekula majani."

* * *

"Nakubaliana na wewe kabisa," Aws alisema, gari yake ikipanda mlima wa kwenda Al Amerat. "Wewe unachunguza. Mimi nanunua. Kila mtu na rizki yake."

"Hununui, Kaka Aws. Unajifanya kununua."

"Wallahi, Nawar, usinitie dhambi ya uongo siku ya Ijumaa. Afadhali ninunue kweli."

Aws alikuwa karani wa benki mwenye tai iliyonyooka na moyo wa fundi gereji. Mkewe, Kawthar, alikuwa ameapa kwamba siku Mmarekani mwingine mbovu atakapoingia uani, yeye atatoka kwa mlango wa mbele.

"Na Kawthar?"

"Kawthar ataipanda kwanza. Ile gari kiti chake cha mbele kinakaa mume, mke na mama mkwe, na bado hawagusani." Alicheka peke yake, kisha akamtazama dada yake kwa pembe ya jicho. "Haya, niseme nini huko?"

"Uliza kila kitu ambacho mnunuzi angeuliza. Angalia chini ya gari. Mimi nitakuwa dada wa mnunuzi, nimekuja kwa sababu sina kazi."

Nyumba ya Sleyum ilikuwa nyeupe, mpya, katika mtaa ambao nyumba zote zilifanana na majabali yalisimama nyuma yake. Joto la mchana lilikuwa limewafungia watu ndani. Fahd aliwafungulia geti kabla hawajagonga. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na pete ya ndoa ambayo bado hakuizoea, maana aliizungusha kidoleni bila kukoma.

"Karibuni, ahlan, karibuni. Ndiyo hiyo. Injini inawaka. Gia boksi bado kidogo. Rangi mmeona."

Kaprisi lilikuwa chini ya kivuli cha mabati, pua imeelekea ukutani. Aws alilizunguka kama mtu anayetufu Kaaba, mikono nyuma, akinong'ona mashaallah.

"Mbona rangi ubavu mmoja?" aliuliza.

"Shemeji aliishia hapo. Kisha akasafiri. Kaniambia, 'Fahd, mimi sirudi karibuni, uza.'"

"Kakwambia lini?"

"Kabla hajaondoka."

"Kabla hajaondoka," Aws alirudia, akiipapasa boneti. "Mtu anapaka rangi ya bei hii nusu gari, halafu anasema uza? Angeuza kabla ya kununua rangi, akabaki na rangi."

Fahd aliizungusha pete. "Watu wana mambo yao, kaka."

Aws alifungua buti. Alirudi nyuma hatua moja. Nawar alisogea. Kwenye sakafu ya buti kulikuwa na doa kubwa, jekundu lililokaribia weusi, limetiririka hadi kwenye mshono wa bati na kukauka hapo. Mstari wa sisimizi uliingia na kutoka. Aws alimtazama dada yake, rangi imemtoka.

"Hii nini?" Nawar alimuuliza Fahd. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

Fahd aliinama, akatazama, akainua mabega. Hakuonyesha hofu yoyote. "Sijui. Mafuta?"

Nawar alitoa karatasi laini mkobani, akailowesha kwa maji ya chupa, akasugua. Doa lilitoka kwa kunata, rangi ya kahawia. Alinusa.

"Asali ya tende," alisema. "Kopo lilipasuka."

"Alhamdulillahi," Aws alisema kwa sauti kubwa mno, kisha akakohoa.

Nawar alilifunga buti mwenyewe. Kuhusu doa Fahd alikuwa mtulivu kabisa. Kwa hiyo wasiwasi wake ulikuwa mahali pengine. Alianza kumtazama Fahd badala ya gari. Alipokuwa upande wa kulia, penye rangi, Fahd alizungumza kama muuzaji yeyote. Aws alipovuka kwenda upande wa kushoto, Fahd alibaki palepale, boneti katikati yao.

"Njoo unifungulie mlango wa dereva," Aws alimwita.

"Uko wazi, kaka. Vuta tu."

"Unagoma."

"Vuta kwa nguvu."

Nawar aliuendea mlango ule. Ulikuwa unagusa chini. Alichuchumaa, akakunja abaya yake isiguse mafuta, akaangaza kwa tochi ya simu. Ukingo wa bati chini ya mlango ulikuwa umebonyea kuelekea juu. Gari iliyogongwa huingia ndani. Hii ilikuwa imesukumwa kutoka chini. Kwenye sakafu ya saruji, karibu na gurudumu la mbele, kulikuwa na alama ya chuma kizito kilichoangukia hapo, imepinda kama mwezi mwandamo, pembe zake zimemenyeka. Mtu alikuwa ameijaza saruji mpya, lakini saruji mpya ilikuwa nyeupe kuliko ya zamani.

"Kaka Aws," alisema, "hebu tazama huku chini. Wewe ndiye unayejua."

Aws alivua kofia yake, akampa, akalala chali na kanzu yake nyeupe bila kujiuliza Kawthar atasema nini. Sauti yake ilitoka chini ya gari.

"Sampu ya gia boksi, lile bakuli la mafuta la chini, imerudishwa nusu. Boliti za upande huu zimekazwa. Za upande wa pili zimeshikwa kwa vidole tu." Alijivuta mbele kidogo. "Na spana iko hapa, imelazwa juu ya fremu. Ya zamani, chuma cha Kijerumani. Fundi haisahau spana kama hii."

"Shemeji alikuwa na haraka," Fahd alisema. Paji lake lilikuwa limelowa. "Safari ilikuwa ya ghafla."

"Uliniambia alikuagiza uuze," Aws alijibu akijitoa chini, mgongo umejaa vumbi. "Basi alipata nafasi ya kukuagiza, akakosa ya kukaza boliti nne."

Adhana ya Alasiri ilianza msikiti wa jirani. Nawar alisimama, akakung'uta abaya.

"Samahani, ndugu Fahd. Naweza kusali ndani? Kuna wanawake?"

Fahd alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Yupo dada yangu. Ingia, ingia. Bakhita! Kuna mgeni."

* * *

Bakhita alikuwa mwanamke mnene kiasi, sura nzuri, macho yaliyolala usingizi mdogo. Alivaa dera la zambarau lenye maua makubwa. Hina ilikuwa mpya miguuni. Chetezo kilifuka udi sebuleni, na udi ulikuwa mwingi kupita haja ya nyumba isiyo na wageni.

"Karibu, dada. Masalkheri. Mmekuja kwa ajili ya lile gari? Bora liondoke. Kila nikifungua dirisha nalikuta linanitazama."

"Kaka yangu kalipenda," Nawar alisema, akitazama chini. "Anapenda vitu vikubwa vilivyochoka."

Bakhita alitabasamu bila kutaka. "Kama mume wangu."

Alimpa kanga na mkeka, akampeleka chumbani kwake. Nawar alitawadha. Kwenye ukuta wa bafu, juu ya kioo kidogo, kulikuwa na misumari miwili midogo, mmoja kila pembe. Alipita ukumbini, kioo cha ukumbini kilikuwa na misumari ileile. Chumbani, meza ya kujipambia ilikuwa na kioo kikubwa, na kwenye msumari mmoja ulikuwa umebaki uzi wa kitambaa cheupe, umenyofoka kama uliovutwa kwa haraka.

Alisali kwanza. Alipotoa salamu alikaa pale pale kwenye mkeka, akatazama chumba bila kugusa kitu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na mfuko. Mdomo wake ulikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na madera meupe yasiyo na ua hata moja, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa kwa mraba. Chupa za manukato zilipangwa mezani. Moja ilikuwa mpya, imeanza kutumika; nyingine zote zilikuwa na vumbi kwenye vifuniko, vumbi la miezi.

Mwanamke ambaye mumewe kaenda kutafuta maisha hafuniki vioo. Anaweza kukasirika na kuacha kujipamba, lakini kwa nini asitoke nje hata kwa harusi ya ndugu yake? Nawar alifikiria talaka. Mwanamke aliyeachwa naye hukaa eda. Lakini eda ya talaka haimnyimi manukato, wala haikai muda wote huo, na hapana mwanamke anayevalia nyeupe tupu kwa kuachwa. Eda inayoanza Rajabu na kumruhusu mtu kutoka karibu na Idi kubwa ni moja tu. Miezi minne na siku kumi.

Bakhita alikuwa ameweza kumficha mama mkwe, na majirani, na watu wa harusi. Mola wake hakuweza kumficha. Alikaa eda yake kama alivyofundishwa, msumari kwa msumari, na hapo ndipo alipojifichua.

Nawar aliukunja mkeka, akatoka.

Bakhita alikuwa ameandaa kahawa na halwa kwenye sinia. Huko nje injini ilinguruma, ikakohoa, ikanguruma tena. Aws alisikika akipiga kelele za furaha. Kila injini ilipopanda sauti, vidole vya Bakhita vilikaza sinia.

"Dada Bakhita," Nawar alisema, "sikuja kwa ajili ya gari peke yake. Nafanya kazi kwa wakili. Mama yako mkwe alituomba tumtafute Sleyum."

Bakhita aliweka kikombe kwenye kisahani, kikombe kikalia.

"Yuko Bujumbura," alisema mwishowe. "Fahd alimwambia mama."

"Ndiyo. Fahd alimwambia." Nawar aliinamisha kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Bakhita ilibidi asogee. "Mimi nina swali moja tu. Uliianza eda siku ileile, au siku ya pili yake?"

Injini ilizimika nje.

"Siku ileile," Bakhita alisema. "Baada ya kumzika." Kisha akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, hina juu ya hina.

Nawar alingoja. Hakumsogelea wala hakumgusa.

"Alikuwa chini ya gari," Bakhita alianza, akisema na sinia. "Alimwambia Fahd aondoe jeki, halafu akasema subiri, bado, stendi ya kushikilia gari haijakaa. Fahd alikuwa na simu sikioni. Mambo ya harusi, ukumbi, sijui wapishi. Akaondoa. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kishindo tu, nikadhani geti."

"Hamkuita gari la wagonjwa?"

"Ya nini? Ungeona usingeuliza." Alipangusa macho kwa mkono wa dera. "Fahd alikuwa amekaa chini pale, anasema, nimemuua shemeji yangu, watanifunga, nimemuua. Mimi ndiye niliyesema tumzike. Usimbebeshe yeye lawama. Mimi. Nilikuwa nimempoteza mmoja, nikaogopa kumpoteza wa pili kabla jua halijazama."

"Yuko wapi?"

"Makaburi ya zamani, chini ya jabali, ukishavuka wadi, ule mto mkavu. Hayana majina yale. Tulimwosha, dada. Tulimkafini, tukamsalia. Hatukumtupa."

"Mama yake kila Ijumaa anampakulia," Nawar alisema. "Sahani iko mezani sasa hivi. Hajui amuombee dua gani."

Bakhita aliinama hadi paji likagusa magoti, akalia bila sauti, mabega yake yakipanda na kushuka.

* * *

Uani, Aws alikuwa ameshika mkono wa Fahd, hajauachia, katika hali ya watu wanaokaribia kukubaliana.

"Nawar! Njoo ushuhudie. Kijana huyu kateremsha mpaka nimeona haya."

"Uachie mkono, Kaka Aws. Gari haiuzwi."

"Usiniharibie, habibti, tumeshafika."

"Haiuzwi," Nawar alisema tena. Alimtazama Fahd, na kwa mara ya kwanza mchana ule hakushusha macho. "Gari ya marehemu haiuzwi kabla ya mirathi. Na mama yake ni mrithi."

Aws aliuachia mkono kama umeungua. Fahd alitazama mlango wa nyumba. Dada yake alikuwa amesimama kizingitini na abaya yake nyeusi, uso umelowa, akimwitikia kwa kichwa taratibu. Fahd hakukimbia wala hakukana. Aliketi kwenye saruji, upande wa kulia wa gari, kichwa kati ya magoti.

"Aliniambia bado," alisema. "Kila siku namsikia. Usiku wa harusi yangu nilimsikia. Bado, Fahd, bado."

Nawar alimpigia wakili Muatasim, akaeleza kwa ufupi: ukingo wa bati, alama kwenye saruji, boliti, eda, makaburi. Wakili aliuliza maswali machache, kisha akasema atakuja mwenyewe na askari, gari lisisogezwe na spana isiguswe.

"Mke anaomba aende kwa mama mkwe kwanza," Nawar alisema.

Wakili alifikiri. "Mpeleke wewe. Asiende mahali pengine. Nitawaambia askari wamkute Mawaleh."

Aws alibaki na Fahd. Nawar alipotazama nyuma kutoka getini, kaka yake alikuwa amevuta ndoo, amekaa kando ya kijana yule, na anammiminia maji ya kunywa.

* * *

Hawakuzungumza njia nzima. Walipofika, Bi Sayyida alifungua mlango mwenyewe. Alimwona Nawar, akatabasamu. Akamwona Bakhita nyuma yake, tabasamu likaondoka. Alirudi hadi mezani akiwa ameshika ukuta, akaketi mbele ya sahani iliyofunikwa.

Bakhita alipiga magoti mkekani. Alifungua mdomo.

"Usiseme," Bi Sayyida alisema. "Nimeshaona." Alingoja pumzi yake irudi. "Mlimwosha?"

"Tulimwosha, mama."

"Kwa majani ya mkunazi?"

"Kwa mkunazi."

"Nani aliyemsalia?"

"Fahd. Na mimi nyuma yake."

Bi Sayyida aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu kitu ambacho wengine hawakukiona. Nawar alisimama karibu na mlango, akatamani kuwa mahali pengine, na hakuondoka.

"Idi ulinibusu mkono huu, Bakhita." Aliuinua, akautazama. "Nikakwambia umwambie nampenda. Ukanijibu utamwambia."

"Nilimwambia, mama." Sauti ya Bakhita ilikuwa imekauka. "Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nikakaa pale kichwani kwake, nikamwambia, mama anasema anakupenda."

Bi Sayyida hakumwambia ainuke, wala hakumfukuza. Alinyoosha mkono, akaondoa kawa, akaisukuma sahani mezani kuelekea kwa Nawar. Wali ulikuwa umepoa, samaki yu mzima juu yake.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Mpe mtu mwenye njaa. Mwenyewe haji."

Kisha akaelekea kibla, akainua mikono.